Samaki wa Tangi Dogo la Maji ya Chumvi: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Salaam aleikum, Bwana Mshauri. Nimetengenezewa tangi la samaki na fundi wa vioo hapa mjini. Lina urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40. Ninakaa Kizingo, Mombasa, karibu sana na bahari, kwa hiyo maji kwangu si tatizo. Nimewapenda samaki wa aina tatu: kangaja wa samawati mwenye uso mweusi, kitatange yeyote mwenye mistari, na wale wadogo wa rangi ya machungwa wanaoishi ndani ya anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri kama ua. Jirani yangu ni mvuvi na ameniahidi kunitolea wote bure katika dema lake. Je, tangi langu litachukua samaki wangapi, na nianze na yupi?
Msomaji wa Kizingo

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tangi ulilolieleza huchukua lita 84 likijazwa hadi ukingoni. Ukishaweka mawe na mchanga, na kuacha nafasi kidogo juu, maji yatakayobaki ni kiasi cha lita 65 au 70. Kwa maji hayo mimi ningeweka samaki watatu tu, na kila mmoja awe wa aina ambayo hata akikomaa hazidi sana sentimita 10. Najua ni wachache kuliko ulivyotarajia, lakini ndio utakaoweza kuwatunza mwaka mzima bila kuokota mizoga kila wiki.

Wengi wanapochagua samaki huuliza kwanza urefu wake. Urefu ni lazima ujulikane, lakini kuna swali linalotangulia, nalo ndilo ninalolitumia kwa kila samaki ninayeulizwa habari zake: akiwa baharini kwa hiari yake, huenda umbali gani kutoka kwenye shimo lake? Mwambani wapo samaki wanaozunguka kutwa, wanaokula huku na kulala kule, na wapo ambao tangu wakiwa wadogo mpaka wanapokufa hawatoki nje ya eneo la ukubwa wa mkeka mmoja. Tangi dogo ni la hao wa pili, na ukiwachagua kwa kipimo hicho utakuta kwamba sehemu kubwa ya matatizo ambayo watu huyatafutia dawa madukani haitokei kabisa.

Kangaja uliyempenda, ambaye jina lake la kisayansi ni Acanthurus leucosternon, ni wa kundi la kwanza. Ni mkazi wa kawaida wa miamba yetu ya Pwani, hula mwani ulioshika kwenye mawe, na mchana kutwa huogelea akitafuta malisho, mara peke yake, mara katika kundi kubwa. Akikua hupita sentimita 20. Ukimfungia katika sentimita 60 atakuwa akienda na kurudi mbele ya kioo bila kupumzika, na haitachukua muda utamwona amejaa vidoa vyeupe vya kimelea kiitwacho Cryptocaryon, ambacho humpata yeye kwa urahisi kuliko samaki wengi. Tena ana wembe pande zote mbili za shina la mkia, na nafasi ikiwa finyu huutumia kwa wenzake.

Kuhusu kitatange, jua chakula chake kabla ya kuipenda rangi yake. Wengi wao hula vinyama laini vya matumbawe yaliyo hai, na baadhi hawakubali kingine chochote, hivyo hufa njaa huku chakula ulichowamwagia kikiozea mchangani. Yuko mwingine ambaye huuzwa akiwa mdogo, Pomacanthus imperator, mwenye duara nyeupe juu ya mwili wa buluu nzito. Huyu hula vizuri, lakini hufikia sentimita 40, na akikomaa zile duara hutoweka na mistari ya manjano hushika mahali pake. Sioni sababu ya kumtia mtoto wa samaki kama huyo katika chombo ambacho baada ya miezi michache hakitamtosha, na ninawasihi wauzaji wetu waache kumnadi kwa watu wenye matangi madogo.

Tunabaki na wale wa anemoni, nao ndio chaguo lako zuri. Katika maji ya Kenya utakutana hasa na aina mbili, na ni muhimu uzitofautishe mbele ya muuzaji. Wa kwanza, Amphiprion akallopisos, ana mwili wa rangi ya machungwa iliyofifia na mstari mmoja mweupe unaoanzia kwenye mdomo wa juu na kufuata mgongo hadi mkiani. Huyu ni mpole kwa kulinganisha, na hukomea karibu na sentimita 11. Wa pili, Amphiprion allardi, ana mwili wa hudhurungi iliyokolea, mapezi ya manjano, mkia mweupe na mikanda miwili myeupe inayoshuka ubavuni. Ni mzuri sana kumtazama, lakini ni mkubwa zaidi na mkali zaidi, na katika lita 70 hatamwachia mwenzake raha. Chukua wa kwanza, wawili, wote wakiwa wadogo na mmoja akimzidi mwenzake kidogo. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Yule mkubwa ndiye hugeuka kuwa jike, na mdogo hubaki dume wake, kwa hiyo ukinunua wawili wenye tofauti ya umbo unawapunguzia vita vya kuamua nani atakuwa nani.

Anemoni yenyewe usiinunue. Inahitaji mwanga mkali na maji yaliyotulia kwa miezi mingi, na ikifia ndani ya tangi dogo huyachafua maji yote kwa usiku mmoja. Samaki wake hawaihitaji wakiwa mahali pasipo na adui. Watachagua pembe ya tangi au jiwe moja, na watalifanya ndiyo kwao.

Samaki wako wa tatu ningependa awe ni yule mdogo wa mchangani anayekaa shimo moja na kamba. Wapo wa jamii kadhaa. Mmojawapo anayepatikana Afrika Mashariki ni Amblyeleotris wheeleri, mwenye mikanda myekundu. Mnunue pamoja na kamba wake, uwawekee mchanga wa kina cha sentimita 5 hivi wenye vipande vidogo vya kokoto na kombe zilizovunjika, kisha ukae uwatazame. Kamba, ambaye macho yake hayaoni vizuri, ndiye mchimbaji: hutoka akisukuma mchanga mbele yake, huumwaga mlangoni, hurudi ndani, na saa nzima hana kazi nyingine. Samaki hukaa mlangoni kama bawabu, na kila kamba anapotoka huweka kipapasio kimoja juu ya mwili wa samaki. Kivuli kikipita, samaki hutikisa mkia kidogo na kamba hurudi ndani papo hapo. Hatari ikizidi, samaki naye huingia kwa kichwa. Hakuna samaki wa bei kubwa ambaye nimemwona akiwapa watu furaha ya kudumu kuliko hawa wawili, ambao tangi la sentimita 60 kwao ni nafasi ya kutosha.

Ukikosa jozi ya akallopisos, badala yake chukua Nemateleotris magnifica mmoja, mweupe kifuani na mwekundu kuelekea mkiani, mwenye unyuzi mrefu mgongoni. Huelea juu kidogo ya shimo lake akingoja chakula kimpitie, na hana ugomvi na jamii nyingine. Ila akishtuka huruka nje ya maji, kwa hiyo tangi lifunikwe kwa wavu wa matundu madogo, na si kwa kioo kizima, maana hewa na joto la Mombasa havitaki kifuniko kilichobana.

Kipimo nilichokupa kina upande wake wa pili, nao usiusahau: samaki anayependa shimo moja hulilinda. Kwa hiyo panga mawe ili pawe na mashimo mengi kuliko samaki, na uwaingize kwa zamu, ukianza na aliye mwoga zaidi. Samaki wa mchangani na kamba wake watangulie, wakae wiki tatu au nne mpaka wawe wenyeji, ndipo waingie akallopisos. Ukipindua mpangilio huo, mgeni mpole atakuta kila pembe ina mwenyewe, naye atakaa nyuma ya pampu bila kula.

Ahadi ya jirani yako ni ya wema, lakini nakuomba uikatae kwa upole. Dema hutegwa kwa ajili ya kitoweo. Samaki mdogo aliyelala humo hujigonga kwenye matete akitafuta njia, akatoka na pua iliyochubuka na magamba yaliyotoka, na jeraha hilo katika tangi ndilo mlango wa maradhi. Aidha, samaki aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu hufura kibofu chake cha hewa na kuogelea mkia ukiwa juu. Mnunulie mtu anayekusanya kwa wavu wa mkono na mwenye leseni ya uvuvi kwa kazi hiyo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa (Mombasa Marine National Park), iliyotengwa tangu mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kuvua hakuruhusiwi, iwe ni kwa wavu, kwa dema au kwa mkono.

Ukifika kwa muuzaji usimlipe kabla hujamwona samaki akila mbele yako. Tazama tumbo kutoka mbele: likiwa limeingia ndani, mwache. Tazama anavyopumua akiwa ametulia: mashavu yakienda mbio, mwache. Macho yawe maangavu, mapezi yawe yamekunjuliwa. Muuzaji akikuambia samaki hali kwa sababu amechoka na safari, mwombe akuwekee, nawe urudi baada ya siku nne au tano. Ukimpeleka nyumbani, mtenge kwanza kwenye chombo kingine chenye pampu ya hewa kwa wiki nne, kwa sababu dawa za shaba zinazotibu vidoa vyeupe huua kamba na konokono, na haziwezi kutiwa ndani ya tangi lenyewe.

Nimebakisha neno lako kwamba maji si tatizo. Mbele ya Kizingo hupita meli zote ziingiazo na kutoka Kilindini, na mafuta yao huelea juu ya maji hata pale macho yasipoyaona. Yachukue upande wa bahari kuu, tuseme Nyali au Shanzu, siku za bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, wala si wakati wa mvua za masika ambapo mito na mitaro huleta tope na uchafu wa mji. Yachuje kwa kitambaa safi, uyaweke gizani siku kadhaa huku pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha upime chumvi kwa haidromita: iwe 1.025 au karibu na hapo. Mawe usiyang'oe mwambani. Mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu kwa ajili ya ujenzi yanafaa, mradi yasiwe yamegusa saruji na yasuguliwe vizuri. Ukishajaza tangi, weka kipande cha kamba mbichi kioze humo bila samaki yeyote. Bakteria watakaoigeuza amonia, ile sumu itokayo kwenye uozo, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na kifaa cha kupimia kikionyesha amonia na nitriti ni sufuri, ndipo ununue samaki wa kwanza. Baada ya hapo badilisha lita 7 kila wiki.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Tudor. Nilinunua samaki mdogo mweusi mwenye madoa matatu meupe, moja usoni na mawili ubavuni. Alikuwa mdogo kuliko kidole gumba. Sasa amekuwa mkubwa, madoa yamefifia, na kila samaki ninayemwongeza humng'ata mpaka afe. Nimefikiria kumrudisha baharini. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, huyo ni Dascyllus trimaculatus, na anafanya lile ambalo angelifanya mwambani. Akiwa mdogo hujificha kwenye anemoni pamoja na wenziwe, akikua hufikia sentimita 14 na kulinda eneo lake kwa ukali. Kwa kipimo nilichompa msomaji wa Kizingo angeonekana anafaa, kwa kuwa haendi mbali, na ndiyo sababu kipimo hicho lazima kiende pamoja na kuuliza tabia ya samaki akiwa mzima. Huuzwa sana kwa kuwa ni rahisi na havunjwi nguvu na maji mabaya, na watu huambiwa wamtumie kulizoeza tangi jipya. Ni ushauri ambao siukubali, kwani baada ya kulizoeza tangi hulimiliki.

Kumrudisha baharini usimrudishe. Ameishi na samaki na maji ya kila mahali, na akibeba kimelea kutoka humo atakipeleka kwa walio huru. Mtafutie mtu mwenye tangi la lita 200 au zaidi lenye samaki wakubwa. Hadi hapo, mwondoe kwa siku chache katika chombo cha kando, yahamishe mawe yote kutoka mahali pake, mwingize mgeni kwanza, kisha umrudishe yeye mwisho. Atakuta ramani imebadilika na atapoteza ujasiri kwa muda. Ila nakueleza wazi kwamba dawa hiyo ni ya wiki chache, na suluhisho ni kumpatia nyumba nyingine.

SWALI: Ninafundisha Likoni, na wanafunzi wangu wamependa tuweke farasi-bahari wawili katika tangi la darasa, pamoja na samaki wengine wadogo. Je, inawezekana?

JIBU: Mwalimu, sikushauri. Farasi-bahari hana tumbo la kuhifadhi chakula, kwa hiyo hulishwa mara kadhaa kwa siku, na wengi waliotoka baharini hukataa kila kitu isipokuwa vikamba vilivyo hai. Hula polepole, na samaki wowote utakaomchanganya nao watamaliza chakula kabla hajainua shingo. Siku za Jumamosi na Jumapili, na likizo, atamlisha nani? Isitoshe, jamii yote ya farasi-bahari imo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kanuni zake zimetumika kwao tangu 2004, basi usikubali ukiletewa na mtu asiye na karatasi. Kwa darasa, wale wawili wa mchangani, samaki na kamba, watawafundisha watoto mengi zaidi.

SWALI: Tangi langu liko Kisauni. Kila siku maji hupungua kwa upana wa kidole, nami huongeza maji ya bahari. Tangu mwezi wa pili samaki wangu wawili hupanda juu na kuhema kila alasiri, hasa stima ikikatika. Je, niwabadilishe kwa aina inayostahimili joto?

JIBU: Ndugu yangu, shida yako haiko kwenye aina ya samaki. Yanayopaa hewani ni maji, chumvi hubaki, na kila ukiongeza maji ya bahari unazidisha chumvi juu ya chumvi. Pima leo, ukikuta imepita 1.028, ishushe kidogo kidogo kwa siku tatu au nne, usiishushe kwa mara moja. Kuanzia sasa upungufu wa kila siku ujazwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyosafishwa, yale ya kujaziwa dukani, na si ya kisima, kwani visima vingi vya mji huu vina chumvi yao wenyewe na vingine vimepakana na mashimo ya vyoo. Chora alama kwenye kioo, ujaze hadi hapo kila asubuhi.

Kuhusu kuhema, Februari hadi Aprili ndiyo miezi ya joto kali kwetu, na maji yakiwa moto hubeba hewa kidogo wakati ambapo samaki anahitaji zaidi. Elekeza feni ndogo juu ya maji, nayo itayapunguza joto kwa digrii mbili au tatu, ingawa utalazimika kujaza maji baridi mara nyingi zaidi. Sogeza tangi mbali na dirisha la magharibi. Kwa ajili ya stima, nunua pampu ya hewa ya betri, uiache karibu na tangi ikiwa na betri mpya, na siku stima ikikatika usiwalishe samaki mpaka irudi, kwa sababu chakula kinachobaki hula hewa ileile wanayoigombania. Ukiona wanaendelea kuhema hata saa za usiku wa manane, stima ikiwepo na chumvi ikiwa sawa, pima amonia kabla ya kununua dawa yoyote.